Masika ya Herufi M

Ng'ambo, Tabora, 11 Novemba 1974

Mvua ya kwanza imenyesha alasiri. Daktari amesema moyo umechoka na miguu itaendelea kuvimba. Hakusema mpaka lini, nami sikumuuliza. Nimeamua kuandika masika haya maadamu mkono bado unanitii. Zamda, mwanangu, utakapoyasoma nitakuwa nimeshatangulia, basi yasome polepole, wala usimkasirikie mtu.

Leo amekuja Justus. Nilimfundisha kazi ya masjala akiwa kijana; sasa ana kitambi na ni mkuu wa ofisi ya orodha ya mkoa.

"Shikamoo, Mzee Nassibu. Tuna kompyuta pale Mtendeni imeshindwa kupanga majina ya watu."

"Marahaba. Mimi na kompyuta wapi na wapi?"

"Kompyuta ina fundi wake. Wewe unayajua majina."

Akanieleza. Tangu operesheni ya vijiji, watu wa mkoa mzima wamehamishiwa vijiji vipya, na kila mtu mzima ameandikiwa kadi. Kompyuta inatakiwa ipange kadi hizo kwa majina, ili yeyote akiuliziwa ijulikane yuko kijiji gani. Isipoweza mpaka masika yaishe, itafungwa kwenye masanduku na kupelekwa Dar es Salaam, kwa wenye kazi nayo.

Nilikubali kabla hajamaliza chai. Alidhani ni uzalendo.

15 Novemba

Kompyuta imewekwa katika ghala la zamani la asali, na kuta bado zinanukia nta. Ni makabati ya chuma yaliyopangwa kama watu wanaosubiri zamu. Fundi ni Bernadeta, binti kutoka Ndala aliyesomea Ulaya, mwembamba, mwenye sauti ya kuamuru. Alinipa kiti kabla hajaniamkia, ndipo nikajua amelelewa.

"Mzee, ichukulie kama karani mwenye meza ndogo na kabati kubwa," akaniambia. "Meza ndiyo kumbukumbu ya mashine. Pale anafanya kazi haraka kuliko sisi sote. Kabati ni sahani hizi za sumaku. Zina kadi zote, lakini kwenda kabatini na kurudi kunamchelewesha. Kwa hiyo tunamgawia majina mafungu mafungu kwa herufi za mwanzo. Anachukua fungu, analipanga mezani, analirudisha, anachukua jingine."

"Na tatizo?"

"Kazi ya siku moja inakwenda siku tatu, kisha inakufa."

Aliniruhusu nisikilize. Ndani ya kabati la sahani kuna mkono unaokwenda na kurudi, krr, krr, kama mwanamke anayesaga ulezi huku amekasirika.

16 Novemba

Kiyoyozi kimezimika. Bila ubaridi mashine haiwashwi. Nimerudi nyumbani.

22 Novemba

Kumbikumbi wameingia ghalani kwa maelfu, wakafuata taa za mashine. Bernadeta amezima kila kitu, amefungua makabati na kuwafagia kwa brashi ya rangi. Wapiga kadi, vijana wanaotoboa majina kwenye kadi za mashine, wamewaokota kwenye ndoo, wakawakaanga. Justus amekula zaidi ya wote, kisha akasema hao ndio waliokuwa wakiharibu kazi.

Mashine imewashwa upya. Imekufa vile vile.

30 Novemba

Leo sikuweza kwenda. Kifua. Zamda ameniletea uji na kunikalisha kwenye kiti changu kibarazani, kile ambacho nyumba nzima inakiita kiti cha upepo. Basi niandike ninachotakiwa kuandika.

Mwaka 1931 nilikuwa karani wa stesheni ya Usoke. Anselm, katekista wa pale, alikuwa na binti aitwaye Getruda. Alikuwa akileta mayai ya misheni yapakiwe kwenye treni ya Tabora, nami ndiye niliyeandika stakabadhi. Kila alipokuja nilimuuliza jina lake, kana kwamba nimelisahau, ili nilisikie akilitaja. Alilitaja kwa utulivu, huku akitazama reli. Mwishowe siku moja aliweka kapu chini, akasema, "Karani, andika tu. Unajua."

Sina jingine la kusimulia kuhusu siku zile. Baba yake hakutaka Mwislamu, mama yangu hakutaka Mkristo, na sisi tulikuwa watoto watiifu. Aliolewa katika kijiji kilichokuwa kwenye njia ya zamani ya misafara, ile aliyopita babu yangu na pembe begani kutoka Ujiji. Mimi nikamuoa mama yako Batuli, nikampenda, na hilo, Zamda, silitetei maana uliliona.

Lakini miaka yote hiyo nilijua Getruda yuko upande gani. Treni ya Kigoma ilipopiga honi jioni nilijua itapita karibu naye. Sikutaka kumwona. Nilitaka kujua upande tu. Mama yako aliwahi kuniuliza kwa nini kiti changu daima kinatazama magharibi. Nikamwambia upepo mzuri unatoka huko. Akanitazama kidogo, akaniletea mto wa kuegemea. Ndipo kiti kikapata jina.

Mwezi wa Agosti malori ya operesheni yalikwenda kule. Kijiji kile hakipo tena. Watu wamegawanywa huku na huku. Nimeuliza wauza asali, nimeuliza wapanda treni, hakuna anayejua nani alipelekwa wapi. Mumewe alikwisha kufa zamani. Watoto wake siwajui hata kwa majina.

Tangu hapo ninakaa kwenye kiti kile kwa mazoea tu. Ndiyo maana nilikubali kabla ya chai kuisha.

3 Desemba

Mvua.

5 Desemba

Mvua. Nimekula uyoga, umenirudisha utotoni.

9 Desemba

Bernadeta anashuku kumbukumbu yenyewe. Alinionyesha ubao mmoja: vipete vidogo vya chuma, kila kimoja kama mbegu ya mchicha, vimetungwa kwenye nyaya kama shanga za mtoto. Kikiharibika kimoja mashine inasahau na kukosea. Ameagiza ubao mwingine kwa treni. Justus analalamika kwamba fundi anabadilisha vitu kwa kubahatisha.

"Sibahatishi," Bernadeta alimjibu. "Natoa kitu kimoja, naweka kingine, naangalia. Ningebadilisha vyote kwa pamoja usingejua kilichopona ni kipi."

"Na ukikuta si kumbukumbu?"

"Nitajua si kumbukumbu. Hilo nalo ni jambo."

14 Desemba

Ubao mpya umefika na kuwekwa. Mashine imekufa vile vile.

Justus sasa anasema ni unyevu wa masika. Bernadeta alikuwa ameinama juu ya karatasi anazoandika kila mashine inapokufa, ilifika wapi. Aliinua kichwa.

"Bosi, mvua imesoma wapi alfabeti?"

"Una maana gani?"

"Wakati wa kumbikumbi ilikwama kwenye M. Kabla yao, M. Na ubao mpya, M. Ubao mbovu ungekwama popote. Umeme ukicheza, popote. Hii inakwenda vizuri A mpaka L, kisha inafika M inasaga na kusaga mpaka inakufa."

Justus alitoka. Mimi nilibaki nimeshika fimbo yangu, kitu kinanigongagonga kichwani ambacho sikuweza kukikamata.

16 Desemba

Nimekikamata, au tumekikamata wawili.

Bernadeta hakuwahi kuzisoma kadi zenyewe. Kwake zilikuwa matundu tu. Leo nilimwomba tufungue sanduku la M. Alichomoa kadi moja, akasoma maandishi ya juu. Mama Kornel. Akachomoa nyingine. Mama Limbu. Mama Anselm. Mama Bundala. Mama Anselm mwingine. Sanduku zima, na sanduku lililofuata, na lililofuata. Nusu ya wanawake wa mkoa wameandikwa Mama.

Alikaa chini sakafuni, yeye msomi wa Ulaya, akacheka mpaka machozi.

"Fungu moja, mzee. Wote wameingia fungu moja. Halitoshi mezani. Anaweka nusu, anairudisha kabatini achukue nusu ya pili, akiishika ya pili anaihitaji ya kwanza. Anashinda njiani. Mashine ni nzima kabisa."

Tukamwita Lukumani, mkuu wa waandikishaji, mtu wa makamo mwenye maneno mengi, ndiye anayenipakia nyuma ya baiskeli yake kila asubuhi.

"Lukumani, kwa nini hamkuandika majina yao?"

Alinitazama kama nimemtukana. "Mzee wangu, nafika kwenye kaya, mama wa watu ametoka, nimempigia goti. Mwanawe mkubwa amesimama pale, mkwewe amesimama pale. Nimwambie, wewe mama, taja jina lako? Ningekula kipigo, tena kwa haki."

"Lakini ni kazi ya serikali," Bernadeta akasema.

"Haya, dada. Wewe mama yako anaitwa nani?"

Bernadeta alifungua mdomo. Aliinamisha macho. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Yulita," akageuka kutazama mlango kana kwamba mama yake amesimama pale. "Naye humu ni Mama Kornel," akaongeza. "Kornel ni kaka yangu."

Hakuna aliyecheka tena. Nikarudi nyumbani. Kumbe tangu Novemba nilikuwa nikingoja mashine ifike kwenye G, na kila mara ilikuwa imeshapita G.

25 Desemba

Juzi Idi, leo Krismasi. Jirani mmoja alituletea nyama, mwingine maandazi. Nimeonja vyote. Getruda ni mama wa nani? Nimeshinda nikijiuliza swali hilo. Wanaomzunguka wote wanamwita kwa jina ambalo mimi silijui, na jina ninalolijua mimi, huenda hakuna aliyebaki wa kulitamka.

8 Januari 1975

Bernadeta ameandika programu upya. Mashine ikikuta neno Mama inaliruka na kupanga kwa jina la mtoto. Mama Anselm anakwenda A, Mama Kornel anakwenda K. Mafungu yamelingana.

10 Januari

Ilianza asubuhi, ikamaliza kabla ya chakula cha mchana. Ule mkono ndani ya kabati ulikuwa ukigusa na kuacha, ukigusa na kuacha, mpaka wapiga kadi wakadhani imezimika. Justus amemwalika mkuu wa mkoa aje aone. Kila mtu amenipa mkono.

Kazi imekwisha, na hakuna mahali katika mashine ile pa kumuulizia Getruda.

13 Januari

Niandike hili bila kulipamba. Leo nimetumia heshima niliyopewa na watu kwa shauri langu mwenyewe.

Nilimwendea Justus, nikamwambia orodha haifai. Katika kijiji kimoja wapo Mama Anselm watatu. Dawa ikija ya mmoja, au barua, atapewa yupi? Lazima waandikishaji warudi wakaulize majina ya kuzaliwa. Hoja ni ya kweli, ndiyo maana ilinirahisikia. Justus alifikiria posho za waandikishaji, alifikiria mkuu wa mkoa, mwishowe akasema, "Mzee hujawahi kunipotosha." Akatia saini.

Lukumani na wenzake watasukuma baiskeli kwenye tope kwa sababu ya mayai ya mwaka 1931.

Bernadeta alinisubiri mlangoni akanishika mkono kunivusha dimbwi.

"Mzee, mashine imepona. Wewe unamtafuta nani?"

Nilitaka kumwambia simtafuti mtu. Nikamwambia jina, na jina la baba yake, na Usoke. Nilipolitaja lilitoka kavu, kama mlango wa nyumba isiyokaliwa.

Tulipofika barabarani akaniachia mkono. "Ungesema mapema."

"Ungefanya nini?"

"Hakuna," akasema. "Lakini ningejua kwa nini unaikodolea macho mashine yangu namna ile."

14 Januari

Lukumani alikuja kuaga. Nilimtuma aanzie upande wa Usoke. Nilimpa maelekezo: akae chini na kila mama peke yake, mbali na wakwe, amwambie ni ombi wala si amri. "Na wakinikataa?" "Usiwalazimishe. Lete kadi bila jina."

28 Januari

Mvua. Daraja la huko Usoke limechukuliwa na maji. Hakuna habari.

6 Februari

Mvua. Miguu imejaa mpaka magotini. Sasa Bernadeta ananijia nyumbani baada ya kazi, Zamda anampa michembe, viazi vilivyokaushwa, na karanga. Wanacheka jikoni. Ninafurahi kusikia wanawake wawili wakicheka jikoni. Ilikuwa hivyo zamani, mama yako alipokuwapo.

19 Februari

Mvua.

2 Machi

Kadi za kwanza zimefika, zimelowa pembeni. Bernadeta alizianika kwenye kamba kama nguo. Waandikishaji waliozileta wanasema katika baadhi ya vijiji akina mama walicheka sana, wengine walifikiri muda mrefu kabla ya kukumbuka, na bibi mmoja alilitaja jina lake mara mbili kwa sababu lilimfurahisha.

11 Machi

Mashine imepanga kadi mpya. Bernadeta amenikatia karatasi ya akina Getruda, ameileta ameikunja ndani ya gazeti. Nimeisoma kwa kidole. Wapo wengi kuliko nilivyotarajia, misheni ilipenda jina hilo. Nimetazama umri, nimetazama baba. Getruda binti Limbu. Getruda binti Bundala. Wengine bado wasichana.

Hayumo.

Bernadeta alisema bado kuna kadi za vijiji vya mwisho, vile vya ng'ambo ya daraja. Nikamshukuru. Baada ya kuondoka nilimwomba Zamda anisaidie niingie ndani, sitaki kukaa kwenye kiti.

12 Machi

Leo pia nimebaki ndani.

25 Machi

Mvua imepungua. Justus ametuma salamu kwamba kompyuta haitaondoka, itabaki mwaka mwingine. Nimefurahi kwa ajili ya Bernadeta. Nimemwambia Zamda kitabu hiki kipo chini ya mto, na akisome baadaye.

4 Aprili

Lukumani amerudi. Alikuja moja kwa moja hapa, matope mpaka kwenye nyusi, akaegemeza baiskeli kibarazani.

"Shikamoo, mzee. Nimeona nikuletee mwenyewe. Akina mama wote wamekubali, isipokuwa mmoja."

"Marahaba. Nani?"

"Sasa ningejuaje? Ndiye aliyekataa." Alikaa kwenye ngazi, Zamda akampa maji, akayanywa yote. "Ni kijiji kipya, kusini ya Usoke. Mama mtu mzima, amenyooka kama mlingoti. Nimekaa naye peke yake kama ulivyoagiza. Nikamwomba jina. Akasema, andika Mama Lugembe, linatosha. Nikamwambia halitoshi, mama, ofisi inataka la kuzaliwa. Akaniuliza, ofisi ni nani? Nikasema serikali. Akasema serikali alishaiona, ilikuja na lori. Anataka kujua ni nani hasa aliyekaa huko mjini akataka kujua majina ya wanawake wazee."

"Ukamwambia nini?"

"Nikakutaja. Nikasema ni Mzee Nassibu wa Ng'ambo, aliyewahi kuwa karani wa stesheni ya Usoke zamani."

Zamda alikuwa akipokea kikombe. Nilijizuia nisitazame uso wake.

"Nikadhani hakusikia, mzee. Aliinuka, akaenda kuwafukuza kuku waliokuwa kwenye mahindi, akakaa huko muda. Aliporudi akaniambia, mwambie karani aandike tu. Anajua." Lukumani alikuna shingo. "Nikamwambia mama, huyo mzee anajua majina mengi lakini si ya kila mtu. Akacheka. Akanipa mayai ya njiani. Basi kadi yenyewe hii, haina jina. Nisamehe."

Nilimwambia hana kosa. Nikaipokea. Kijiji kilikuwa kimeandikwa, na umri, na kata. Mstari wa kwanza ulikuwa mweupe.

Nilimwomba kalamu. Nikaandika herufi moja moja kama nilivyokuwa nikiandika kwenye stakabadhi: Getruda binti Anselm. Lukumani alinyoosha shingo kusoma, akanitazama, akasoma tena.

5 Aprili

Bernadeta alikuja kuichukua kadi. Aliisoma amesimama.

"Niipige?"

"Ipige."

Jioni amerudi kuniambia mashine imeipokea. Nilimuuliza ilichukua muda gani. Akasema haikuchukua hata muda wa kusema.

6 Aprili

Hakuna mvua. Anga limeoshwa. Daktari amekuja, amesema safari yoyote itanimaliza. Nikamwambia sina safari.

Jioni nilimwomba Zamda anitoe kibarazani. Kiti cha upepo kilikuwa mahali pake, kinatazama magharibi. Nikamwomba akigeuze kidogo upande wa kusini. Akakisogeza. Nikamwambia kidogo tena, basi, hapo.

Alinikalisha, akaniwekea mto, ule wa mama yake. Akasimama nyuma yangu, mikono yake mabegani kwangu. Treni ya Kigoma ilikuwa inapiga honi stesheni.

"Upepo umehama, baba?" akauliza.

Nikamwambia, umehama kidogo.